Shoti ya Mwisho ya Shangazi Zaituni

Usiku ule nililala mapema, kama mtu mwenye shughuli ya maana asubuhi. Gauni la kijani la marehemu shangazi yangu lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, limepigwa pasi, na juu yake nilikuwa nimeutundika ushungi wake mweupe. Kukicha nilikuwa nilivae. Nilikuwa niwe yeye kwa muda mfupi tu, kwa mgongo, mbele ya kamera, nifungue mlango, na filamu iishe.

Hili linahitaji maelezo. Katika umri ambao wenzangu wanaozesha mabinti, mimi nilirudi chuo kikuu kujifunza kutengeneza filamu fupi kwa vitendo. Hayo maneno "kwa vitendo" ndiyo yaliyoniponza. Kwa miaka mingi nimeandika makala magazetini, na nyingi zilikuwa za kuwasema watu wa filamu: huyu hajui kumaliza hadithi, yule wahusika wake wanalia kupita kiasi. Siku moja mhariri wangu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kushika kamera. Nikasema sijawahi. Hakusema kitu. Ukimya wake ule ndio ulionipeleka darasani, kukaa na vijana ambao kila asubuhi huniamkia kwanza, "Shikamoo mama," ndipo wanibishie.

Tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Neema, binti mwembamba anayebeba stendi ya kamera begani kama anakwenda shamba, na asiyejua kunyamaza isipokuwa anaporekodi. Mimi niliandika na kuongoza; yeye alishika kamera na sauti. Filamu moja ya dakika chache, na hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wetu. Isipokamilika tunarudia mwaka, wote wawili. Kwangu mimi kurudia mwaka ingekuwa aibu ya kuchekesha. Kwa Neema ilikuwa riziki: kituo kimoja cha televisheni kilishamwahidi kazi akimaliza, na hakikuahidi kumsubiri.

Hadithi yetu ilikuwa nyepesi. Bibi anampikia mwanawe aliyesema atakuja. Anasubiri, anasubiri. Mwishoni hodi inabishwa, bibi anakwenda kufungua, tunauona uso wake, basi. Mwalimu wetu wa filamu aliupenda mwisho huo kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kumpelekea. "Ukimsubirisha mtazamaji, mlipe," alisema, na mimi nikaandika chini kama mwanafunzi mwema, ingawa ni maneno ambayo ningeweza kuyasema mwenyewe katika makala na kujiona nina akili.

Bibi wa kuigiza nilikuwa naye. Shangazi Zaituni, dada yake baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi pale Morogoro, ndiye aliyenilea nilipokuwa sekondari. Nusu ya mtaa wake walipita mikononi mwake, na watu wazima wenye ndevu walikuwa bado wakimwona wanaficha sigara. Tulirekodi kwake siku nzima. Ikabaki shoti moja, kile kipande cha mlangoni, maana jua lilituchwea. Tukaagana kwamba tutarudi wiki inayofuata. Kabla ya wiki kwisha presha ilimwangusha akiwa anamwagilia mchicha wake, na mimi nikarudi kwenye nyumba ile kuzika.

Siku ya arobaini nguo zake ziligawanywa kwa ndugu, kama ilivyo ada. Wanawake wa ukoo wakaona gauni la kijani lije kwangu, kwa kuwa ndilo alilovaa "kwenye sinema ya Tausi." Neema alikuwa amekuja arobaini. Nilipotoka nalo nje akanitazama kwa muda, akijing'ata mdomo.

"Mama, usinichukie. Geuka kidogo."

Nikageuka.

"Kwa nyuma ni yeye mtupu."

"Neema!"

"Haki ya Mungu. Hata ule ukaidi wa mabega."

Sijawahi kusifiwa mgongo maishani mwangu, na sikutegemea sifa hiyo inifikie msibani. Lakini nilielewa alichotaka, na nikakubali. Ningevaa nguo za marehemu, ningeipa kamera mgongo, ningefungua mlango. Uso tungeuacha, giza la mlangoni lingetusaidia. Mwalimu naye aliposikia alisema ni ufumbuzi mzuri. Kwa hiyo kila mtu alikuwa ameridhika, na mimi nikazima taa nikalala.

Nilikuwa natembea kwenye korido ya chuo, ile inayokwenda chumba cha kuhariria, na nilikuwa nimechelewa kama ninavyochelewa katika ndoto zangu zote. Ilikuwa mchana, mwanga wa saa nne asubuhi, ule ambao Neema huuita mwanga wa bure. Hapakuwa na mtu. Nikasukuma mlango wa chumba cha kuhariria, na ndani hamkuwa na kompyuta hata moja. Lilikuwa jiko la Shangazi.

Sikushangaa. Nilivua viatu tu, maana sakafu ilikuwa imedekiwa.

Amesimama karibu na dirisha. Gauni la kijani, ushungi mweupe, mkono mmoja umeshika nondo ya dirisha, macho yako njiani. Sufuria ziko mekoni, zimefunikwa, na mvuke unapenya pembeni mwa vifuniko bila kutoa sauti. Ndivyo nilivyompanga siku ile ya kurekodi: simama hapa, tazama njia, usikae mpaka uambiwe. Naiona hata alama ya chaki niliyomchorea sakafuni ili ajue pa kuweka miguu. Miguu yake bado iko juu ya alama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Hageuki. Halafu, taratibu: "Nikae?"

Hakuna lawama katika sauti yake. Anauliza kweli, kama mtoto anavyomuuliza mwalimu. Na mimi nashindwa kumjibu, maana tangu kuzaliwa sijawahi kumpa mwanamke huyu ruhusa ya kitu chochote. Yeye ndiye aliyekuwa akinipa mimi: ruhusa ya kwenda, ya kurudi, ya kuolewa, na baadaye, bila maswali mengi, ya kuachika. Nataka kusema kaa, Shangazi, kaa, pumzisha miguu.

Kisha tukawa barazani, na ni siku ile yenyewe ya kurekodi. Shangazi ni mzima, amekalia mbuzi anakuna nazi, na Neema anahangaika na waya wa maiki.

"Huyu mwanangu wa kwenye sinema," anauliza Shangazi, "anaitwa nani?"

"Hana jina, bibi. Skripti imeandika 'Mwana' tu."

"Nimchinjie kuku mtu asiye na jina?"

Mimi naingilia kati. "Shangazi, si lazima upike kweli. Tunaweza kuweka sufuria tupu tukazifunika. Kwenye picha hakuna atakayejua."

Anaacha kukuna. Ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikileta ripoti ya shule.

"Mimi nitajua, Tausi. Nitasimama pale na sura ya mtu aliyepika, na sijapika. Hiyo sura nitaitoa wapi?"

Neema anacheka mpaka waya unamponyoka. "Mama, huyo ndiye muongozaji. Sisi tumekuja kubeba mizigo."

"Kuna na wewe, acha kucheka," Shangazi anamwambia. "Mikono yote miwili ya nini?" Na Neema, mwenye maiki shingoni, anakaa anakuna nazi.

Hayo yalitokea kweli, neno kwa neno. Ndoto iliyakopa tu. Na kama ilivyokuwa siku ile, redio ya jirani inaanza kuunguruma katikati ya shoti ya dirishani, na mimi natoka kwenda kuomba izimwe. Kuongoza filamu mtaani kwetu, nimekuja kugundua, sehemu kubwa ni kuwaomba watu wazime redio. Nikamwacha Neema na kamera, na Shangazi kwenye alama yake.

Navuka uwanja. Nabisha hodi kwa jirani. Mlango unafunguka wenyewe, na ndani ni msibani. Wanawake wamejaa mikekani, khanga zimefunika vichwa, na hakuna hata mmoja anayelia. Nawaambia, "Samahani jamani, tunarekodi, naomba mpunguze sauti." Wananitazama. Yule wa karibu ananiambia kwa huruma, "Mwanangu, hatujasema kitu."

Narudi. Uwanja umekuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Neema amesimama mlangoni pa jiko, kamera kaishika kifuani kama mtoto aliyesinzia.

"Mama, kadi imejaa."

"Imejaaje? Kwa nini hukusema kata?"

"Nimwambie bibi wa watu kata, na yeye bado anaendelea? Mimi nimelelewa, mama."

Hilo nalo lilitokea. Neema huyu huyu, ambaye darasani huwakatisha wenzake wakiigiza kwa ukelele unaoangusha vitu, alishindwa kumkatisha Mwalimu Zaituni ndani ya nyumba yake. Simlaumu. Kwetu mtu mzima akiwa katikati ya jambo, unasubiri amalize. Hakuna kitabu cha filamu kilichoandika kifanyike nini mtu mzima asipomaliza. Nilimuuliza Neema siku ile kulikuwa na nini kwenye hiyo kadi, akajibu, "Aliendelea tu, mama," na tukacheka. Wakati wa kuhariri tulichukua mwanzo wa shoti, pale anapotazama njia, na kilichobaki tukakitupa kwenye faili tuliloliita Takataka. Baada ya mazishi sikuwa na moyo wa kulifungua.

Sasa ndoto inanirudisha ndani, na nimevaa gauni la kijani. Sikumbuki kulivaa. Linanibana makwapani. Ushungi wake uko kichwani kwangu na una harufu ya udi na vitunguu. Nautazama mlango wa mbele, na nyuma yangu najua kuna kamera, ingawa siisikii ikinguruma. Hodi inabishwa.

Ni hodi ya adabu, ya vidole viwili. Inabishwa, inanyamaza, inabishwa tena.

Nainuka. Naenda kama tulivyofanya mazoezi na Neema: polepole, bega la kushoto chini kidogo, kwa sababu Shangazi aliumwa nyonga. Najisikia nafanya vizuri. Hata ndotoni nina majivuno. Nafika mlangoni, naweka mkono kwenye komeo, chuma ni cha baridi, na huko nje mtu anavuta pumzi akingoja.

"Unamfungulia nani?"

Sauti iko nyuma yangu. Nasimama na mkono kwenye komeo.

"Mgeni, Shangazi. Mwanao amefika."

"Huyo hakuja."

Anasema bila uchungu wowote, kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Hodi inabishwa mara nyingine, hafifu zaidi. Nafikiria Neema na kazi yake ya televisheni. Nafikiria mwalimu. Nasema kama mtoto anayejitetea, "Lakini filamu inahitaji afike, Shangazi. Watu wamesubiri. Wewe umesubiri."

Halafu ananiambia:

"Mimi nimeshakula."

Nageuka.

Amekaa. Hakuna aliyempa ruhusa, na hasubiri kupewa. Yuko kwenye kigoda chake karibu na meko, amenyoosha miguu, ushungi kaulegeza shingoni. Pembeni yake sahani ni tupu, mifupa ya kuku imepangwa kwa unadhifu ukingoni kama alivyokuwa akiipanga siku zote. Mkono wake wa kulia unadondosha maji. Ndiyo kwanza ananawa. Uso wake ni ule wa jioni, baada ya kazi, uso ambao sikuwahi kuuona kwenye picha yoyote tuliyorekodi. Chaki sakafuni haipo tena. Na mlangoni hakuna anayebisha. Sijui amekwenda saa ngapi.

Nataka kumwambia mambo mengi. Nataka kumuuliza kama aliumia alipoanguka kwenye mchicha, na kama aliita mtu. Ninachoweza kusema ni hiki tu:

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Toa vyombo," anasema.

Nainama kuchukua sahani. Bado ina joto.

Nikaamka.

Muadhini alikuwa anamalizia. Gauni lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na chumbani hamkuwa na harufu ya chochote isipokuwa ya pasi. Nilikaa kitandani kwa muda, viganja vikiwa wazi mapajani, mpaka lile joto lilipoisha. Kisha nikampigia Neema simu.

"Mama, shikamoo! Nimeshaamka, betri zimejaa, usinifikirie vibaya."

"Marahaba. Neema, leo haturekodi. Shoti ya mlango haipo."

"Mama, usinitanie asubuhi hii. Unajua mimi natafuta nini."

"Najua. Sikiliza. Siku ile nilipokwenda kuomba wazime redio, Shangazi alifanya nini?"

"Si nilikwambia? Aliendelea."

"Aliendelea kufanya nini?"

"Alikula."

Nikalitazama gauni nyuma ya mlango.

"Alisimama weee," alisema Neema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "akatazama njia, halafu akasema peke yake, 'Haji huyu.' Akavuta kigoda akajipakulia. Nilidhani uliliona faili. Nikadhani umelikataa, kwa sababu ya mwisho wako."

Najua watakavyosema wasomi wenzangu: kwamba siku ile niliziona sufuria nusu tupu nikafunga mizigo bila kufikiri, na kichwa kikanitunzia mpaka usiku huo. Huenda ni kweli. Sitabishana nao, nimeandika makala za namna hiyo mwenyewe, na nililipwa. Nilivuta kompyuta yangu kutoka chini ya kitanda, simu nikiwa nimeibana sikioni kwa bega, nikafungua Takataka.

Yuko dirishani. Anatazama njia kwa muda ambao hakuna mwalimu angeuvumilia. Anabadilisha mguu. Anajikuna pua. Redio inasikika mbali, halafu inakatika, na hapo najua kwamba nimefika kwa jirani na ninaomba samahani. Bado anatazama. Kisha kitu usoni pake kinalegea, kitu kidogo sana, na anacheka puani. "Haji huyu." Anavuta kigoda. Anapakua wali, anachagua paja, anakula kwa utulivu na kwa hamu, mwanamke mzee mwenye njaa aliyepika vizuri. Hamsubiri mtu. Hamwigizii mtu. Ananawa mkono, anaufuta kwenye pindo la gauni, anainua kichwa na kuitazama kamera moja kwa moja, kosa ambalo chuoni kwetu hukatwa alama bila mjadala.

"Na wewe," anasema, "umekula?"

Nyuma ya kamera, sauti ya Neema, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Bado, bibi."

"Basi weka hiyo mashine chini, uje."

Picha inayumba. Inaona ukuta, inaona mguu wa meza, inatulia sakafuni. Kwa upande unaonekana ukingo wa kigoda na pindo la kijani likienda mekoni na kurudi. Unasikika upawa unagonga sufuria. Halafu giza, kadi imejaa.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Unalia?"

"Natazama filamu."

Nilimsikia akivuta kiti. Najua alikuwa anapima: mwalimu aliyeahidiwa mlango, alama, ile kazi isiyosubiri. Mimi nilikuwa nimeshaamua, lakini mwaka wa kurudia haukuwa wangu peke yangu, kwa hiyo nilimwachia uamuzi. Huko kwake jogoo aliwika, akawika tena.

"Mwalimu atatukata," alisema hatimaye. "Ameitazama kamera. Na mimi nimesikika."

"Atatukata."

"Anaweza kutufelisha kabisa."

"Anaweza, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza."

Alishusha pumzi ndefu.

"Nilikula sahani mbili siku ile," alisema. "Sikukwambia. Niliona aibu, wewe uko juani unaomba redio." Halafu, kwa ile sauti yake ya kawaida: "Haya. Usiguse kitu mpaka nifike, maana wewe kwenye kuhariri una mkono wa kuvunja. Tunaishia wapi?"

"Pale ulipoiweka chini."